Dakika Nne za Tsukuda Morizo

Kamiya Reiji alikamatwa Jumanne, tarehe kumi na nane Desemba, akiwa na dawa za kulevya ndani ya soksi. Tsukuda Morizo alizipata habari hizo dukani, kwenye televisheni ndogo iliyowekwa juu ya mapipa ya figili za chumvi, alipokuwa amempelekea mkewe, Fumiyo, dawa ya macho aliyoisahau nyumbani. Jambo la kwanza alilofanya ni kutabasamu. Alidhani ni tamthilia. Alimwona Kamiya akiteremshwa garini katikati ya polisi wawili, kofia imevutwa hadi kwenye nyusi, akasema moyoni: huyu kijana anajua kutembea kama mtu aliyeshindwa.

"Si huyo mwanao?" akauliza mama mwenye duka. "Yule uliyecheza baba yake?"

Ndipo Morizo alipoyaona maandishi mekundu yaliyokuwa yakipita chini ya picha.

Fumiyo akatoka nyuma ya duka, mikono imejaa pumba za mpunga za kuvundikia mboga hadi kwenye viwiko. Macho yake siku hizo yalikuwa yakiona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye mrija, hivyo televisheni hakuiona. Aliuona uso wa mumewe.

"Baba Nobue, mbona umekuwa hivyo? Kafa nani?"

"Hakuna aliyekufa."

"Ni Kamiya, kashikwa," mama mwenye duka akadakia. "Madawa. Wanasema ile tamthilia yake ya mwaka mpya haionyeshwi tena. Imefungiwa kabisa."

Fumiyo alisimama palepale. Pumba mbichi zilimdondoka mikononi, zikaanguka sakafuni mafungu mafungu, asizizoe. Mwishowe akasema neno moja tu.

"Kadi."

Alikuwa ameshatuma kadi za mwaka mpya themanini na nne. Miaka yote hutuma thelathini hivi, za ndugu na za majirani. Mwaka huo aliwakumbuka hata watu aliosoma nao shule ya msingi. Aliziandika zote kwa mkono wake, pua ikikaribia kugusa karatasi, na chini ya salamu za heri aliongeza mstari mmoja: tarehe nne Januari, saa tatu usiku, mume wangu atazungumza.

Hakuandika kwamba ataonekana. Kuonekana alishaonekana sana. Kwa miaka thelathini na minane Morizo alikuwa akienda kwenye studio za Uzumasa, hapo hapo Kyoto, mwendo wa dakika kumi na tano kwa baiskeli, akivikwa nywele za bandia na upanga wa mianzi, na kuuawa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Nyota wa filamu akichomoa upanga, lazima wawepo watu wa kukatwa, nao hulipwa kwa siku. Morizo alikatwa kwenye ngazi, mtoni, mlangoni kwa kahaba, kwenye theluji ya povu la sabuni. Alijua kuanguka kwa namna ambayo upanga wa nyota huonekana mkali kuliko ulivyo. Katika muda wote huo maneno aliyopewa yalikuwa "Nani wewe?" na "Mkamateni!", na mara moja, katika mwaka wa kumi na tisa, "Vunjeni mlango!"

Kisha mwongozaji mmoja aitwaye Agata, mtu mfupi mwenye hasira, akamwita kando akampa karatasi mbili zilizojaa maneno.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kijana anayesakwa na serikali anarudi kwao usiku wa theluji. Baba yake, mtengeneza ndoo, anamfungulia mlango, na nyuma ya pazia wamejificha askari. Ili kumwokoa, mzee lazima amkane mwanawe bila kuwagutusha askari, na kijana lazima aelewe, aende zake. Dakika nne bila kamera kukatishwa. Fumiyo alikataa kuyasikia maneno hayo mapema, akamfukuza mumewe akafanyie mazoezi mtoni. "Nimesubiri miaka thelathini na minane," alisema, "nitashindwaje wiki sita?"

Walipopiga picha hiyo mwezi wa Novemba, ilipigwa mara moja tu. Agata aliposema basi, hakuna aliyesogea. Fundi wa taa alikuwa amegeukia ukutani. Na Kamiya, yule Kamiya mwenyewe ambaye mabango yake yalijaa stesheni zote, alimfuata Morizo nyuma ya seti akamwinamia hadi kiunoni, kisha akamtilia mkononi kopo la kahawa ya moto. "Mzee," alisema, "leo nimejua mimi bado." Mikono yake ilitetemeka. Morizo alidhani ni baridi.

*

Kesho yake Morizo alikwenda posta. Karani alikuwa mpole mno. Alimweleza kwamba kadi zinaweza kuzuiwa, ila itabidi kujaza fomu moja kwa kila kadi, jina na anwani kamili, na zile za mikoani zilikuwa zimeshaondoka. Morizo akaomba fomu. Akajaza tano. Ya sita ilikuwa ya mwanamke fulani wa Tottori, rafiki wa utotoni wa Fumiyo, ambaye jina lake la ukoo hakuwahi kulijua. Akairudisha kalamu.

"Basi ziache ziende," akasema.

Zikaenda. Asubuhi ya mwaka mpya zikafika nyumba themanini na nne, kila fungu la kadi limefungwa kwa mpira, nchi nzima ikiwa imeshajua kisa cha soksi za Kamiya. Wengine walijibu kwa huruma. Yule wa Tottori, ambaye bila shaka hatazami habari, aliandika kwamba ameshawaalika majirani wote.

Tarehe mbili akaja Iwao, kaka yake Fumiyo, muuza vigae vya paa, mtu mnene mwenye sauti ya kuuzia. Alileta mochi, zile keki za mchele wa kutwangwa, na samaki wa kukaanga, akaketi miguu chini ya meza yenye hita kama mwenye nyumba.

"Kadi yenu nimeipata," akasema. "Keshokutwa saa tatu, eh? Saa nimeshaitega."

"Kaka, acha," Fumiyo akasema.

"Nimesema nini? Nauliza tu. Nije na vitafunwa au nije na rambirambi?" Akamgeukia Morizo. "Bwana mcheza filamu, wewe una nyota ya ajabu. Miaka yote hiyo mtu unakufa, hakuna tatizo. Siku unafufuka, mwenzio anapelekwa rumande! Hata mkosi nao ungeona haya kidogo."

Morizo alicheka, kwa sababu ndivyo alivyozoea kumjibu. Alikuwa amekula wali wa Iwao miaka ile ambayo studio hazikumwita. Huwezi kumkasirikia mtu ambaye wali wake umo tumboni mwako.

"Sasa sikiliza," Iwao akaendelea, safari hii bila mzaha. "Ghalani kwangu mlinzi ameacha kazi. Kazi yenyewe ni kukaa tu kwenye kiti. Maneno hakuna, lakini wewe umeshazoea."

"Hukumwona," Fumiyo akasema.

"Nini?"

"Nimesema hukumwona, kaka. Unaongea tu."

"Kwani wewe ulimwona?"

"Mimi pia sikumwona." Alikuwa akimenya chungwa kwa vidole, bila kulitazama. "Lakini siku ile aliporudi nilimfungulia mlango. Alikuwa na uso ambao sijawahi kuuona. Nikamuuliza, vipi, akasema, nadhani nimeweza. Tangu nimjue mtu huyu hajawahi kusema ameweza chochote."

Iwao akatafuna mochi yake.

*

Mwezi wa pili daktari wa macho aliweka karatasi mbili za vipimo mezani, ya mwaka jana na ya sasa, akazungusha kalamu kwenye sehemu iliyobaki nyeupe, ile ambayo Fumiyo bado aliiona. Presha ya macho ilikuwa imegoma kushuka. "Tujiandae," alisema. Fumiyo aliuliza wajiandae hadi lini. Daktari alisema mambo haya hayana tarehe, lakini kama ana kitu anachotaka kukiona, asingoje mvua za Juni.

Alhamisi ya wiki ile ile Morizo akavaa suti yake ya harusi na misiba, akachukua boksi la mboga za chumvi kutoka duka alikofanya kazi mkewe, akaenda kwenye ofisi ya watayarishaji. Walikaa watatu: yeye, Bi Hatano msaidizi wa mwongozaji, na Bwana Onodera aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu tamthilia hiyo.

"Mzee Tsukuda, chai itapoa," Bi Hatano akasema.

"Sitaki nakala," Morizo akasema. "Hata kuushika huo mkanda sitaki. Chumba chochote, mlango mfunge nyie wenyewe, niketi na mke wangu dakika nne. Basi."

Onodera alikuwa mtu wa adabu. Alisikiliza hadi mwisho. "Tumetia saini na makampuni kumi na moja ya matangazo," akasema. "Picha moja tu ya Kamiya ikitoka nje, tumekwisha. Hata mimi funguo sina."

"Haitatoka. Mke wangu macho hayaoni vizuri, atakwenda kumwonyesha nani?"

"Haoni?"

"Anapofuka. Daktari amesema kabla ya mvua."

"Sasa kama haoni..." Onodera akaanza, kisha akainua kikombe. Lakini lile alilolimeza walilisikia wote watatu.

Morizo akashuka kitini. Akapiga magoti kwenye zulia, akaweka viganja chini, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa nyuzi. Alisikia harufu ya vumbi na ya sabuni ya kusafishia. "Nawaomba," akasema.

Onodera akasema taratibu, kama mtu anayemsihi mwenzake, "Mzee, tafadhali. Usituigizie."

Kilichomuumiza Morizo, hadi baadaye akitembea na baiskeli yake bila kuipanda, hakikuwa neno lenyewe. Ni kwamba pale chini zuliani, paji la uso likiwa bado sakafuni, alijiuliza kama ni kweli. Magoti yalikuwa yameshuka vizuri mno. Mgongo ulikuwa umenyooka. Amewahi kuomba hivyo mbele ya mabwana wangapi kabla ya kukatwa? Alitafuta ndani yake namna nyingine ya kuomba, ya kwake mwenyewe, hakuiona.

Bi Hatano alimkimbilia getini, boksi la mboga mkononi; hawakuruhusiwa kupokea zawadi. "Mzee, kuna jambo. Tutarudia kupiga upya, na nyota mwingine. Sehemu yako ni yako, hilo nimelipigania mimi. Juni."

"Juni," Morizo akasema.

"Ndiyo. Si habari njema?"

Akamshukuru mara tatu.

*

Mvua zilikuja mapema mwaka huo. Wiki ya mwisho ya Mei Fumiyo alisimama jikoni akamwambia mumewe awashe taa, naye akamwambia imewaka. Hawakuzungumza tena habari hiyo. Alichofanya Morizo ni kufunga kamba kutoka kitandani hadi chooni, na mama mwenye duka akamwondolea Fumiyo kazi ya kukata, akampa ya kukanda pumba, ambayo haihitaji macho.

Nyota mpya aliitwa Sena. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na asubuhi moja tu ya nafasi, nayo aliitumia huko Tokyo, akazungumza na ukuta wa kijani, mafundi wamuunganishe na wenzake baadaye. Uzumasa hakufika. Mahali pa kusimama mwana waliweka fimbo ya mwavuli, na juu yake, kwenye usawa wa macho, wakazungushia utepe mwekundu.

"Mtazame hapo, mzee," Bi Hatano akasema. "Mimi nitakusomea maneno yake."

Mvua ilikuwa ikipiga bati la studio kama mtu anayemwaga mchele. Morizo akafungua mlango wa seti. Mbele yake ulikuwepo utepe. Akamkana utepe. Alitafuta uso wa Kamiya, ule wa Novemba, macho yaliyokuwa yakielewa polepole kwamba baba anamwokoa. Akaupata uso wa kwenye televisheni, kofia hadi kwenye nyusi. Maneno yote yalitoka, hakukosea hata moja. Fundi wa taa alikuwa akitazama saa.

"Nzuri. Inatosha," Agata akasema.

"Naomba mara moja nyingine."

"Mzee, hizi taa zinalipiwa kwa saa."

"Moja tu, mwongozaji."

Agata akatoka kwenye kiti chake, akamsogelea hadi Morizo akasikia harufu yake ya tumbaku. Alikuwa amezeeka tangu Novemba. "Ile ya kwanza niliitazama mara ishirini kabla hawajaja kuichukua," akasema kwa sauti ya chini.

"Ilikuwa nzuri kweli?"

"Usiniulize hilo." Akageuka. "Fungeni! Tunahamia seti ya pili."

Nyumbani Fumiyo alikuwa ameketi mlangoni, anamsubiri, uso umeelekea mahali ambapo baiskeli huegeshwa.

"Ilikuwa kama ile?"

"Kama ile ile," Morizo akasema.

"Afadhali." Akamtafuta mkono hadi akaupata. "Mimi sikusikitika sana, unajua. Kufa huonekana. Lakini kusema husikika. Kama ningepofuka zamani, nisingekuwa na mume kabisa kwenye filamu. Sasa ndiyo kwanza ninaye."

*

Tamthilia ilionyeshwa Oktoba, si saa tatu usiku tena bali Jumamosi saa nane mchana, wakati watu wako sokoni. Safari hii hakuna kadi zilizotumwa. Iwao alikuja mwenyewe bila kuitwa, na biashara yake akaiacha wazi. Mama mwenye duka alikuja na keki. Fumiyo alivaa sweta yake ya bluu, akapaka rangi ya mdomo kwa kupapasa, akaketi karibu na televisheni kuliko wote, magoti yamekutana, kama mgeni wa heshima.

Iwao ndiye aliyemsimulia. Alikuwa anajua kusimulia, hakuna aliyelitarajia hilo. "Sasa wako njiani. Theluji tele. Kijana kajifunika gubigubi. Hee, nyuma kuna mbwa... hapana, ni mtu. Wanamfuata."

"Baba yake bado?"

"Bado, tulia. Sasa kafika kwenye nyumba moja ya mbao. Anagonga. Mlango huo unafunguliwa, na hapo mlangoni..."

Mlangoni alisimama Morizo. Mama mwenye duka alimwonyesha kwa kidole, mdomo umejaa tabasamu. Morizo aliuona uso wake mwenyewe, mkubwa, umekunjamana, unatazama utepe. Ukafunguka mdomo.

"Umekosea mlango, bwana," ikasema televisheni. "Huyo unayemtafuta alishakufa."

Haikuwa sauti yake.

Ilikuwa sauti ya mtu mwingine, nzito, ya kupendeza, sauti ya kutangazia treni. Midomo ilikuwa ya Morizo, lakini sauti ilitoka kwa mtu wa Tokyo. Akaelewa papo hapo. Mvua. Mvua iliharibu sauti, nao walipofika kwenye kukata na kuunga hawakuona sababu ya kumlipia mzee mmoja tiketi ya treni aje kurekodi upya maneno machache. Na kweli yalikuwa machache. Vinanda vikaingia, kamera ikamgeukia Sena, ikakaa kwenye uso wake mzuri wenye chozi moja, ikakaa, ikakaa, na mlango ukafungwa. Sekunde ishirini, labda ishirini na tano.

Iwao alikuwa amesimamisha neno lake katikati. Alimtazama Morizo, akamtazama dada yake, jasho limemtoka juu ya mdomo.

"Huyo ni nani?" Fumiyo akauliza.

Mama mwenye duka akaishusha keki yake.

"Baba Nobue? Huyo mzee mwenye sauti ya redio ni nani?"

"Jirani," Morizo akasema. "Ni jirani tu."

"Nilijua." Akatikisa kichwa, anacheka kidogo. "Hana uchungu hata kidogo. Anasema mtu amekufa kama anayesema duka limefungwa. Subirini afike mwenyewe, ndipo mtajua tofauti."

Morizo alifungua mdomo. Alikuwa na maneno yote, karatasi mbili nzima, hakuyasahau. Angeweza kuyasema pale pale, magoti yake hayako mbali na ya mkewe. Alivuta pumzi, na alipoivuta akasikia namna anavyoivuta, namna mabega yanavyojipanga, na sauti ya Onodera ikamjia yenye adabu ile ile. Akaufunga mdomo.

Wakatazama hadi mwisho. Iwao aliendelea kusimulia, lakini sauti yake ya kuuzia ilikuwa imemtoroka. Alitaja vitu kimoja kimoja, daraja, farasi, panga, mtu kaanguka, mtu mwingine kaanguka. Sena aliua watu kumi na wawili. Morizo aliwajua tisa kati yao kwa namna walivyoanguka. Theluji ikafunika kila kitu, majina yakapanda haraka, na tangazo la sabuni ya kufulia likaanza, mtoto anaimba.

Mama mwenye duka aliinuka, akaanza kukusanya sahani za keki bila kuzigonganisha. Iwao akakohoa. "Shemeji," akasema.

Fumiyo aliinua mkono kuwanyamazisha. Alikuwa amesogea mbele zaidi, sikio limeelekea kwenye kioo, rangi ya mdomo imepita kidogo pembeni mwa midomo.

"Ni matangazo tu hayo," akasema. "Yakiisha ni zamu yake. Nyamazeni basi, msije mkanikosesha kumsikia."